Gari Itabeba Nini

Jumapili, 4 Agosti 1996

Leo baada ya ibada Warigia amesema gari ya Nyawira imechuchumaa kama kuku anayetaka kutaga. Amesema mbele ya kwaya nzima, Biblia mkononi. Warigia! Mtu ambaye watoto wake wote wanatembea kwa miguu na bado kila mahali wanachelewa.

Nyawira wangu ndiye msichana wa kwanza hapa kwetu Mukurweini kuendesha gari yake mwenyewe. Si ya bwana, si ya serikali. Yake. Anafundisha hesabu Kianyaga, na mimi ndiye niliyeuza ndizi mpaka akajua hesabu. Starlet yenyewe ni nzee, sikatai. Aliuziwa na kasisi mstaafu aliyekuwa akibebea mbolea ya kuku ndani. Mungu amemsamehe, springi za nyuma bado.

Desemba Nyawira anaolewa Meru, na gari inaenda naye. Sitaki aingie kwa watu na gari inayoburuta matako. Lazima springi mpya.

Jumatano, 7 Agosti

Gereji ya Wamae. Hezekiah akatufuata – ndugu ya marehemu mume wangu, mtaalamu wa kila kitu. Ati tusinunue springi, tukate tairi kuukuu tusokomeze vipande katikati ya pete za springi kuukuu, gari itainuka yenyewe. Hezekiah hajawahi kuwa na kitu chenye gurudumu isipokuwa wilibaro, na hiyo wilibaro ni yangu. Wamae naye akataja fundi wa vyuma huko Karatina, anazipasha moto halafu anazivuta. Nikamuuliza kama suruali yake ya ndani ikilegea huwa anaipasha moto. Akacheka peke yake, Hezekiah hakuelewa.

Halafu Wamae akapangusa mikono, akasema neno la maana, nashangaa lilitoka kwake.

"Mama Nyawira, springi haiulizwi bei kwanza. Inaulizwa mzigo. Hii gari itabeba nini?"

Ati springi laini ni za mtu mmoja au wawili na mfuko. Ngumu ni za mzigo. Ukiweka ngumu na huna mzigo, gari inaruka kama mbuzi, na kwa kona ya kokoto inakutupa mtaroni.

Nikajibu mimi. Ticha habebi kitu ila vitabu na kichwa chake. Laini. Nyawira alikuwa anaangalia kucha zake.

Jumamosi, 10 Agosti

Sagana, duka la spea. Gikunda ameshuka kutoka Meru kutukuta huko. Huyo ndiye bwana harusi – daktari wa ng'ombe, mrefu, mkimya, anatafuna chakula kama anayesahihisha mtihani. Heshima anayo, nisimnyime. Duka ni jembamba, na mkwe hasuguani na mama mkwe, kwa hivyo nilipoingia yeye akatoka. Akachagua springi akiwa mlangoni, kwa kunyoosha kidole juu ya kichwa changu.

Na alichagua gani? Zile nene! Nene kama mkono wa mtoto. Nikauliza, kwani hizi si za ile gari ndefu ya kubeba mizigo? Mwenye duka akasema zinaingia kwa Starlet bila shida. Gikunda akamwangalia Nyawira, Nyawira akaangalia chini.

"Tutakuwa na mzigo kidogo, Mama," akasema.

Mzigo kidogo! Nilijua hapo hapo. Viazi. Huko kwao wanalima viazi mpaka mlangoni, na sasa wamepata wa kuvipeleka sokoni. Leo gunia moja, kesho matatu. Msichana niliyemsomesha na ndizi, anaenda kuwa punda mwenye leseni. Ndiyo sababu huyo mtu haongei! Anapanga.

Nyawira akalipia zile nene bila kunigeukia. Kurudi nyumbani njia nzima niliongea na dirisha.

Jumatatu, 12 Agosti

Simwongeleshi Nyawira. Nimempikia mukimo, lakini simwongeleshi.

Jioni amenikanda goti, hili lililoharibika Mei nilipoanguka katikati ya migomba na kukaa hapo hadi Hezekiah alipokuja kuomba chumvi. Ameuliza tena, Desemba nitabaki na nani. Nikasahau sitaki kuongea, nikamwambia nitabaki na ng'ombe, redio na Mungu. Akasema ng'ombe hawezi kuita daktari. Nikasema hata Hezekiah hawezi, na tumekaa naye miaka hii yote.

Hakucheka. Zamani angecheka.

Jumamosi, 17 Agosti

Ngoja niandike haraka, wako nje.

Wamae ameleta gari asubuhi, springi nene ndani. Imeinua mkia kama mbuzi dume. Warigia akapita, ati sasa inanusa barabara. Nikamwambia aipishe, isije ikamnusa yeye. Gikunda pia amefika, amesimama mbali, kwenye shamba la kahawa la Hezekiah.

Nikamwuliza Wamae kwa sauti, Gikunda asikie, kama gari ya ticha inafaa kubeba viazi. Wamae akashangaa. Viazi gani?

"Mimi niliambiwa kitanda na kabati juu ya gari, cherehani kwenye buti," akasema. "Na wewe kiti cha nyuma, umenyoosha mguu. Mama Nyawira, si mzigo ni wewe?"

Mimi!

Hakuna aliyeniuliza. Wamae anajua, mwenye duka la Sagana labda anajua, na mimi nilikuwa nawapangia viazi. Nikamgeukia Nyawira. Nikamwambia mama hahamii kwa mkwe, hilo hata mtoto analijua. Mama yangu mwenyewe alikuwa akimtembelea dada yangu anakunywa uji nje, na giza halimkuti huko. Nilale chini ya paa ya Gikunda? Nikohoe asikie?

Nyawira akasema hakuthubutu kuniambia kwa sababu ningesema hayo hayo. Akasema Gikunda ameshajenga chumba. Kando ya nyumba, paa yake, jiko lake, na mlango unaangalia barabara, tusikutane mimi na yeye bila kutaka. Akasema Gikunda mwenyewe ndiye aliyepima mahali pa cherehani yangu, karibu na dirisha.

Mlango wake! Kama banda la kuku. Na dirisha linaangalia wapi? Hakuna aliyesema linaangalia wapi.

Nikaingia jikoni. Ndiko niliko.

Wamae anasema hawezi kumaliza mpaka aone gari imekaa vipi na mzigo ndani, kwa hivyo niende nikalie kiti cha nyuma kidogo tu, ati si kwamba nimekubali. Nyawira amefungua mlango wa gari. Na Gikunda, nikipanda na goti hili nitainua mguu kama ng'ombe kwenye josho – Gikunda amegeuka. Ametupa mgongo, anaangalia kahawa ya Hezekiah kama hajawahi kuona kahawa maishani. Miti yenyewe imekonda, haina cha kuangaliwa.

Bado anaangalia.

Nimevaa koti. Ni baridi tu. Honi hiyo, mara ya pili. Huyu mtoto alifundishwa na nani kumpigia mama yake honi? Kiatu cha mguu mbaya kiko wapi?