Dada Aliniokolea Kadi za Besiboli: Je, Nizipunguze Kingo?

Kosa wanalofanya wengi wakifungua boksi la kadi za zamani za besiboli, zile zenye picha za wachezaji, ni kutaka kuzirembesha kabla ya kuuliza bei yake. Bwana Lindahl wa Duluth ameniandikia akiwa bado hajalifanya, nami nashukuru kwamba tumewahi.

*

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na nikiandika ovyo univumilie maana tangu Jumapili moyo wangu umejaa. Mimi ni mzee wa miaka sabini na minne, na nilipoitwa jeshini mama yangu alifanya walilofanya mama wote wa mtaa wetu, alisafisha chumba changu akatupa kila kitu, na miaka yote hii nimewasimulia wajukuu kwamba kadi zangu zilikwenda na gari la taka, kumbe dada yangu Maxine alizitoa kwenye pipa mama alipogeuka kuingia jikoni, akazificha, akahama nazo nyumba hadi nyumba, na Jumapili, nilipokwisha kukata keki yangu ya siku ya kuzaliwa, akaniwekea boksi la viatu mapajani akasema, "Haya, Russ, chukua takataka zako, zimenijazia dari," nami nikalia mbele ya watu, naye akanicheka, "Oneni zee zima linalilia picha!"

Sasa mshauri, Maxine anaishi peke yake na hita ya nyumba yake imekufa, anaota joto kwa kuacha mlango wa oveni wazi, na mimi nina akiba ya kutosha kumnunulia hita nyingine ila kila nikigusia ananikata, "Mimi si ombaomba wako, mdogo wangu," ndipo nikaazimia kuziuza kadi tugawane nusu kwa nusu, hapo hatakuwa na la kusema, lakini sijui zina thamani gani, mtandaoni nimeona mtu anaomba bei ya gari jipya kwa kadi kama yangu moja, mwenye duka la kadi naye kalitazama boksi juu juu akataka kulibeba lote kwa pesa ya kununulia matairi, na rafiki yangu Lyle amekuja na rula na wembe, anasema tukipunguza kingo kidogo tu pembe zitakuwa kali kama za kadi mpya, maana utotoni tulizibana kwenye spoki za baiskeli ili zingurume kama pikipiki, na nyingine niliandika jina langu nyuma kwa penseli. Nikate? Nifute? Na bei ya haki nitaijuaje? Natamani sana kumshukuru dada yangu.

Russ Lindahl

*

Bwana Lindahl, weka huo wembe chini.

Kwanza, hongera. Wanaume wa umri wako walioniandikia wakiomboleza kadi zilizotupwa ni wengi. Mwenye dada aliyeinamia pipa la taka kwa ajili yake ni wewe peke yako.

Kadi iliyochakaa ina bei yake. Iliyokatwa, hakuna mnunuzi makini atakayeigusa, kwa sababu wapimaji, wale wanaolipwa kuthibitisha uhalisi na hali ya kadi, huilinganisha na kipimo cha kiwandani na upungufu mdogo kama ukucha wanauona. Mwambie Lyle akanyoe ndevu zake. Penseli nayo iache, maana kifutio huondoa rangi ya karatasi pamoja na jina.

Ukitaka bei ya haki, geuza kila kadi uone mwaka na namba yake. Watenge wachezaji ambao hata mjukuu asiyefuata mchezo amewasikia. Hao ndio hubeba thamani ya boksi, wengine hujaza nafasi. Kisha tazama pembe na mikunjo, uone kama picha imekaa katikati, kama kuna doa la chingamu iliyouzwa nayo katika pakiti moja. Ukishaijua hali yake, tafuta kadi kama hiyo, iliyochakaa vilevile, ambayo imeshauzwa. Si inayouzwa! Mtu anaweza kuomba bei ya gari mpaka azeeke; wewe fuata kile ambacho mnunuzi amekitoa mfukoni. Linganisha mauzo kadhaa ya karibuni, usishikilie lile kubwa kuliko yote. Kadi bora chache zipeleke kwa wapimaji, lakini zile za spoki usizilipie ada. Na huyo mwenye duka, simwiti mwizi, kodi ya pango analipa, ila anayekataa kukupa bei ya kadi moja moja mbele yako ameshaiona anayoitaka.

Sasa nikukaripie. Kupima na kuuza vizuri huchukua miezi, na huko Duluth sasa ni Januari, katikati ya baridi kali. Unataka dada yako akae mbele ya oveni, jambo la hatari hilo, mpaka wewe umalize kukagua pembe? Umesema nusu ya kadi ni yake. Basi haombi kitu. Ana mali mikononi mwako. Mpe fungu lake kwanza kutoka kwenye akiba yako, na umwambie wazi: "Maxine, hii ni nusu yako, nimeitanguliza. Kadi zikileta zaidi nitakuongezea, zikileta pungufu shauri yangu." Atafoka. Mwache afoke, mradi afoke ndani ya nyumba yenye joto.

Leo hii, mpigie simu fundi wa hita na umpeleke kwa Maxine.