Mama, Nimemvunja Mkono Mama Mkwe

Mama,

Nimempiga mama mkwe. Nimemvunja mkono wa kulia, hapa juu kidogo ya kiganja, na niliusikia ukivunjika kama kuni kavu. Usinikatize. Najua ungekuwa hai ungekuwa umeshanikatiza na kuanza kufoka wewe. Leo wewe ndiye wa kunyamaza na mimi ndiye wa kusema.

Jumapili baada ya misa ukoo wa Kule, mume wangu, unakaa hapa Rukoki kuamua kesi yangu. Kuna wanaotaka nirudishwe Bwera na watoto wabaki kwao. Nirudishwe kwa nani? Nyumbani kwako sasa anaishi muuza viatu. Kule mwenyewe anatoka kiwandani na vumbi la saruji kichwani, anampeleka mama yake kufungwa plasta, anarudi, anakaa, anaiangalia mikono yangu.

Wanasema hasira hii ni yako. Kweli ni yako. Uliniachia vitenge, sufuria kubwa na hasira, na hasira ndiyo pekee ambayo dada hajaja kuiomba.

Unakumbuka mwanangu Masika alivyokuwa mchanga, pale kwako Bwera? Mwili wa moto, anaharisha, ufizi umevimba. Mama mkwe akaja na yule rafiki yake. Wakanituma mtoni kuchota maji, na pipa lilikuwa limejaa, na mimi nikaenda. Walisema ni meno ya plastiki. Wewe ulilijua jina hilo tangu kwenu Butembo na ulilichukia tangu huko: eti mtoto ana meno ya uongo yaliyojificha ndani ya ufizi, yanamla, lazima yachimbwe. Wakachimba, Mama. Kwa spoki ya baiskeli iliyonolewa, bila ganzi, kwa mtoto ambaye hata kukaa hajui. Yaliyotoka yalikuwa meno yake halali, bado laini, hayajaiva. Wakawaonyesha majirani kama ushahidi.

Ulikuwa unatoka soko la Mpondwe na kikapu cha nyanya kichwani. Hukuuliza kitu. Ulichukua mchi wa kinu ukampiga yule rafiki yake begani, akaangukia mafiga, ukampiga tena pale pale chini. Niliporudi na dumu langu sikujua ipi nyanya, ipi damu. Ulikuwa na neno moja tu: "Acha mutoto! Nitakupasua! Acha mutoto!" Meno ya chini walikuwa wameshayatoa, kulia na kushoto. Ya juu uliyaokoa wewe.

Halafu presha ikakuangusha sokoni, ukafa, na hukuona yaliyofuata.

Meno ya ukubwani ya Masika yalikuja bila nidhamu. Upande mmoja wa chini jino la chonge halikuota kabisa. Upande wa pili kilitoka kijiti cha kahawia, kimelala. Ya jirani yakaegemea kwenye pengo na taya ikaanza kuuma upande. Shuleni wakamwita Kombo. Akirudi nyumbani anakula ameupa ukuta uso, na mimi nilikuwa nikimwona hivyo natamani kwenda kuwachapa watoto wa watu mmoja mmoja. Nilimpeleka Kasese kwa daktari wa meno. Akaniambia tumekuja wakati mzuri, kwa sababu mtoto wa umri huu mfupa wake bado unakubali kusogezwa. Tukingoja awe mkubwa, kazi itakuwa nzito na huenda isikubali. Walimjaza mdomoni uji mzito unaoganda ili wapate umbo la taya. Masika akatapika juu ya viatu vya daktari. Ungecheka.

Sasa ana kifaa, kipande cha plastiki chenye waya mbele na skrubu ndogo katikati. Kila Jumapili naizungusha skrubu kidogo tu, kwa kifunguo chembamba kama pini, na taya inapanuka polepole. Siku za kwanza alilia, akachuruzika mate, akakitupa kwenye migomba. Sukari anaiita "thukari". Lakini meno yanasogea, Mama, nayaona kwa macho yangu! Juzi alijitazama kwenye kioo cha pikipiki akacheka mdomo wazi, nikaenda kulia chooni kwa sababu nilitaka uwepo.

Mama mkwe alikiangalia kile kifaa siku ya kwanza akapiga makofi. Unajua alivyo, amekulia kambi ya mgodi, mdomo haumlali. "Plastiki tulitoa! Nyinyi munaenda Kasese munairudisha plastiki!" Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Hata mimi kidogo nicheke, shetani huyu.

Alhamisi Mumbere akaamka ana joto. Mumbere ni mdogo wake Masika, yule hukumwona. Nilikuwa nyuma ya nyumba nasonga ugali wa muhogo nikamsikia analia. Kilio cha njaa nakijua, cha usingizi nakijua. Hiki kilikuwa kimezibwa.

Mama mkwe alikuwa amemkandamiza kati ya magoti, kidole gumba kimempanua shavu, spoki iko ndani. Alikuwa ameiosha kwa chumvi ya Katwe. Bakuli lilikuwa pembeni yake na maji yalikuwa mekundu.

Niliushika mkono nikaupindua. Ukavunjika. Mtu mwingine angeishia hapo. Mimi sikuishia hapo, Mama. Nilimtoa mtoto nikampa Masika, nikarudi. Nilimsukuma mama mkwe ukutani, nikamzaba kofi, nikamzaba jingine, na lile la pili lilinipa raha, sikufichi. Nikaokota spoki nikaiweka juu ya mdomo wake. Nikasema, "Fungua. Fungua, nikutoe na weye."

Akaniangalia, machozi yanamtoka, akasema, "Weye unaweka chuma mu mudomo ya Masika kila Sunday. Mimi nikiweka moja tu, unaniua?"

Nikasema tena, fungua. Akafungua.

Hili sijamwambia mtu. Chini, kulia na kushoto, hana chonge. Meno ya jirani yameegemea kwenye mapengo, taya imekaa upande. Ni mdomo wa Masika, Mama, ila umezeeka. Miaka yote hii anacheka amejifunika leso, mimi nikidhani ni adabu. Naye aliwahi kulazwa kati ya magoti ya mtu. Naye alichimbwa, na siku hiyo hakuna mama yeyote aliyetokea sokoni kumwokoa.

Spoki ikaniponyoka. Sikumwomba radhi. Nilimchukua Mumbere nikakimbia naye hadi zahanati, damu yake inanilowesha kifua. Ilikuwa malaria. Malaria tu, Mama! Dawa ipo, wakampa, wakamsafisha ufizi. Upande mmoja umechanwa kidogo na meno yote yamo ndani. Ananyonya, anauma chuchu, anaudhi kama kawaida.

Lakini mimi sijatulia. Namchukia yule mama, kisha naona ule mdomo, namwonea huruma, halafu nakumbuka bakuli, namchukia upya. Nimebaki hivyo tangu Alhamisi. Ungekuwepo ningekuuliza: siku ile na mchi wako, ulimwangalia usoni yule uliyekuwa unampiga? Sidhani. Huenda ndiyo maana ulilala vizuri.

Basi Jumapili nitakwenda. Nitavaa kitenge cha kanisani na nitapiga magoti mbele ya ukoo mzima, mbele yake yeye na plasta yake. Nitaomba msamaha wa mkono. Nitaomba msamaha wa makofi yote mawili, hata lile la raha. Nitaomba msamaha wa kumwambia mama mzima afungue mdomo. Nitasema kwa sauti, kila mtu asikie, na wakitaka mbuzi watapata mbuzi.

Kuhusu mdomo wa mtoto sitaomba kitu. Nakuahidi. Waniite nimerogwa, wanifukuze, Kule anyamaze mpaka Yesu arudi, hakuna chuma cha mtu kitakachoingia tena kwenye ufizi wa wajukuu zako. Nitapiga magoti, lakini Mumbere atakuwa mgongoni kwangu, nimemfunga kwa vitenge viwili, na Masika nimemshika mkono. Anayewataka atapitia kwangu.

Kwaheri, Mama. Pumzisha mikono. Zamu hii ni yangu.

Biira wako