Jina la Mama Kwenye Mikebe ya Asali

Migwani, 9 Agosti 1987

Kwako kaka Musyimi,

Huku tu wazima. Mbuzi wako mweusi amezaa, na kanisani bado wanakuulizia.

Barua ya wakili wako imefika. Anasema umesajili jina la marehemu mama, Kavuli, liwe la asali yako ya Nairobi, kwa hivyo nilifute kwenye kibao na mikebe yangu. Nimelifuta. Sasa kibao kinasema "Asali" tu, na wateja wananipita wakiuliza asali ya Kavuli inauzwa wapi. Wakili amenikataza kusema ni hii.

Mama aliichuja kwa mikono yake, Musyimi. Wewe uliona aibu hata kumbebea mkebe sokoni.

Nisaidie jambo moja tu. Mwezi uliopita nilijifungua msichana wa pili, na unajua kwa desturi yetu huyo huchukua jina la nyanya mzaa mama. Namlaza hapa sokoni kando ya mikebe. Akilia namwita kwa jina lake, na wateja wanageuka na kuja.

Muulize wakili wako nimwiteje.

Ni mimi dada yako,
Syombua wa Kavuli