Nilikuwa Nafunga Kamba za Kiatu

Kambini, 4 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepungua na husimami tena kutwa nzima nyuma ya kile kiti cha kunyolea bila kuvaa mkanda wako. Mimi mzima, ila roho imenichafuka kidogo, na nitakueleza kwa nini.

Usishangae kuona karatasi. Siku tuliyoripoti, kocha alipita na boksi la viatu akakusanya simu zetu zote. Anasema mashabiki wanatuingia vichwani kupitia simu. Dereva wa basi la timu ndiye anayetupelekea barua posta.

Nimepewa jezi ya taifa, namba tatu mgongoni. Niliivaa nikajitazama kwenye kioo cha bafuni mpaka mtu akagonga mlango kwa hasira. Nilitamani ungeniona.

Furaha iliishia bwaloni. Kuna meza moja ndefu, kocha alitaka tule pamoja kama ndugu. Siku ya kwanza tu meza imekatwa: sisi wa klabu ya Bluu upande wa dirishani, watani wetu wa Machungwa upande wa jikoni, na katikati viti vinne vitupu. Wachezaji wawili wanaocheza nje ya nchi wamekaa hapo kama walinzi wa mpaka. Hakuna anayempitishia mwenzake chumvi. Juzi kipa wa Machungwa kafungua chupa yake ya maji mazoezini, kakuta mate yanaelea. Mate, Baba. Wote tulijua ni ya nani, na wa kwetu wakacheka mpaka wakakaa chini. Watu wazima hawa, wana wake na watoto.

Vyumba kocha alituchanganya, lakini kabla ya chakula cha jioni kila mtu alikuwa amehamia kwa wa klabu yake. Nimebaki mimi tu na winga wa Machungwa. Wanamwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa jinsi anavyopenya mahali ambapo wewe huoni hata tundu. Aliniuliza, "Beki, wewe huhami?" Nikamwambia nimeshapanga nguo kabatini. Akasema, "Basi usikorome." Tunaelewana.

Nisalimie wateja wote.

Mwanao

*

Nyumbani, 10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo palepale, mkanda nimevaa, usinifanye mtoto.

Barua yako niliisomea dukani kwa sauti, nikaishia kwenye jezi. Hayo ya mate nilimeza. Nilikuwa nimemshikia mtu wembe shingoni, na wembe hautaki hasira.

Unafikiri ugonjwa huo uko kambini tu? Fundi friji wa mtaa wa pili, unamfahamu, alikaa kwenye kiti akaniambia, "Mzee, mwandikie kijana wako asiwape pasi wale Machungwa. Wakifunga, klabu yao itapanda bei." Nilikuwa nimeshamnyoa upande wa kushoto. Nikazima mashine, nikakung'uta taulo, nikamwambia duka limefungwa. Akasema, "Na huku kulia?" Nikamwambia akamalizie huko huko kwenye klabu yake. Katembea na kofia wiki nzima.

Mimi Bluu tangu sijamwoa mama yako. Ukuta wa duka ni wa bluu. Lakini ukivaa jezi ya taifa, mtu aliye wazi ndiye wa kupewa mpira, hata kama ni shetani mwenyewe. Huyo Sindano mshike vizuri. Mtu anayekuambia usikorome anataka mkae kwa amani.

Baba yako

*

Kambini, 17 Machi

Baba,

Shikamoo. Unaendeleaje, na duka je? Mimi mwili haujambo.

Umeona mechi yetu ya taifa kwenye runinga, kwa hiyo sina la kukuficha. Sare ya bila kufungana, nyumbani, mbele ya uwanja uliojaa. Mara tatu Sindano alikuwa peke yake kwenye nguzo ya mbali, kanyoosha mikono yote miwili. Mara tatu nahodha wetu, naye ni wa Bluu, alimtazama, halafu akapiga mwenyewe, juu ya lango. Mara ya tatu hata kipa wa wageni alimwonea Sindano huruma, nilimwona akitikisa kichwa. Vyumbani nahodha alivua soksi zake taratibu akasema, "Heri sare kuliko kumtengenezea mtu jina."

Mimi nilimpa Sindano mpira kila nilipoweza. Sasa wa kwetu wananiita Chenza. Wanasema mimi ni chungwa ambalo halijakua.

Kuna jambo jingine. Juzi nahodha alituita sisi wa Bluu kwenye chumba cha kufulia, mashine zikiwa zinazunguka ili tusisikike. Alisema mnajua Jumamosi ya kwanza baada ya kambi tunacheza na hawa watu, mechi ya watani, na ubingwa uko hapo. Akasema, "Sindano asifike siku hiyo. Apumzike kidogo." Mmoja akauliza apumzike vipi. Nahodha akainua mguu akagusa kifundo chake. Watu wakacheka.

Na mimi nilicheka, Baba. Sijui kwa nini. Nadhani walikuwa wanatania.

Mwanao

*

Nyumbani, 20 Machi

Mwanangu,

Marahaba.

Nimenyoa watu miaka thelathini na mmoja. Utani naujua kwa harufu, na huo si utani.

Mwambie kocha leo. Ukimwogopa kocha, mwambie Sindano. Mnalala chumba kimoja. Huhitaji hata kuinua sauti.

Baba yako

*

Kambini, 2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Samahani kwa kukaa kimya. Tulikuwa na mambo mengi.

Utakuwa umesikia habari za Sindano. Ilikuwa tarehe ishirini na nne, mazoezi ya asubuhi. Ilikuwa bahati mbaya, mambo ya mpira, uwanja ulikuwa na umande. Mimi sikuona vizuri. Nilikuwa nimeinama nafunga kamba za kiatu. Kamati ya nidhamu ilitupa kila mmoja karatasi aeleze alichoona, na mimi niliandika hivyo hivyo.

Barua yako ya tarehe ishirini ilichelewa kidogo kunifikia.

Mechi ya marudiano tumefungwa mbili. Kambi inaendelea, kuna mechi ya kirafiki mwisho wa mwezi, na nimeambiwa nitaanza. Nahodha amesema mimi sasa nimekomaa.

Nisalimie wateja.

Mwanao

*

Nyumbani, 9 Aprili

Wewe,

Sikuitikia shikamoo yako na sitaitikia mpaka nimemaliza kusema.

Kuna mtu alipanda ukuta wa uwanja wenu wa mazoezi akapiga video. Huku kila mtu anayo. Wameileta dukani kwangu, ndani ya kuta zangu za bluu, wakairudia na kuirudia, na kila mguu ulipopinda walishangilia kama wamefunga goli. Mwalimu mstaafu, mtu niliyekuwa namheshimu, alipiga makofi mpaka miwani ikamdondoka. Nilikwenda nyuma ya duka nikatapika. Sisemi kwa mfano. Nilitapika.

Halafu nikarudi nikaomba waniwekee tena. Kwa sababu nilikuona. Umesimama wima, mikono kiunoni, hatua kumi kutoka pale, unatazama. Kamba zako zilikuwa zimefungwa.

Nilifunga duka siku mbili nikapanda basi hadi huko hospitali. Nilimkuta yeye na mama yake, mwanamke mpole, anashona mashuka ya hoteli na alikuwa amekuja na kazi yake, anapinda mashuka pembeni ya kitanda. Mguu umewekwa vyuma viwili. Nilijitambulisha kuwa ni baba yako. Unajua Sindano alisema nini? Alisema, "Beki ndiye aliyenishika kichwa nilipoanguka. Wale wengine walisimama tu. Mwambie ahsante." Mama yake akaacha kushona, akanipa kiti chake.

Nikakaa kwenye kiti cha yule mama nikiwa na siri yako. Sikusema. Siyo kazi yangu kusema.

Nilipita mbele ya geti la kambi yenu nikirudi. Mlinzi aliniuliza namtafuta nani. Nikamwambia simtafuti mtu.

Usiniandikie tena mpaka uwe na la kuniambia.

Baba yako, kwa sababu hilo halibadiliki

*

Chumba cha kupanga, 28 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hapa siko kambini tena. Simu nimerudishiwa, lakini haya siwezi kuyasema kwa simu, ningekata kabla ya kumaliza.

Barua yako ya tarehe ishirini haikuchelewa. Niliipata tarehe ishirini na mbili, siku mbili kabla. Niliisoma nimekaa kitandani na Sindano yuko pale ananyoosha bukta yake, ananisimulia jinsi mama yake anavyomgombeza akisahau kuizima pasi. Niliikunja nikaiweka chini ya godoro. Nilijiambia nikisema nitatolewa kikosini. Ndiyo sababu yenyewe, Baba, hakuna nyingine kubwa zaidi. Nilitaka kuanza mechi.

Na ulivyoona ndivyo ilivyokuwa. Mpira ulikuwa umeshatoka. Nahodha hakuutazama hata kidogo. Alikuja na njumu zote mbili mbele. Ule mlio nilidhani ni bango la matangazo limevunjika. Nilipofika kumshika kichwa, Sindano alikuwa ananiuliza, "Ni mguu? Ni mguu kweli?" Na nahodha nyuma yangu anasema kwa sauti ya kumfanya kocha asikie, "Pole kaka, pole sana," huku akimkonyeza mwenzake.

Baada ya barua yako nilikwenda kwa katibu wa kamati. Nikaomba karatasi nyingine. Niliandika yote, chumba cha kufulia, nani alikuwepo, nani alisema nini, na kwamba mimi nilicheka. Katibu alisoma akiwa anakunywa chai. Kikombe chake kina nembo ya Bluu. Akaniuliza, "Kijana, wewe ni wa wapi hasa?" Nikamwambia ni wa timu ya taifa. Akacheka, akaiweka karatasi kwenye droo, akasukuma droo kwa goti. Kesho yake asubuhi kocha alinisomea barua: nimeondolewa kambini kwa kuvuruga umoja wa timu. Umoja! Nilitaka kumuuliza ni umoja upi, ule wa viti vinne vitupu au ule wa mate? Yeye mwenyewe alikuwa anaangalia viatu vyake. Klabu nayo imeniambia nisije mazoezini hadi nitakapoitwa.

Nikaenda hospitali. Sindano aliponiona alifurahi, akasogeza mguu mzima ili nikae kitandani. Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Ulijua lini?"

"Tarehe kumi na tano."

Akahesabu kwa vidole, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. "Siku tisa. Siku tisa tulilala chumba kimoja. Ulikuwa unaniazima dawa ya meno."

Nikasema ndiyo.

Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Aliniangalia jinsi mtu anavyoangalia kitu alichokikanyaga. Mama yake akaweka shuka chini, akasimama, akavuta pazia la kitanda kati yangu na mwanawe. Nilibaki nimetazama pazia mpaka muuguzi akaniambia muda umekwisha.

Sina la kujitetea. Najinukia, Baba.

Mwanao

*

Nyumbani, 6 Mei

Mwanangu,

Marahaba.

Nimeisoma mara tatu. Sitakusifu. Umesema ukweli wakati mguu umeshavunjika. Lakini umeandika kwamba ulicheka, na hapo nilijua bado kuna mtu humo ndani.

Habari zimefika huku kwamba umewasaliti. Wameandika neno hilo kwenye mlango wa duka kwa rangi, na wamekosea herufi moja. Wateja wa Bluu hawaji tena. Wale wa Machungwa wameanza kuja, wananipigapiga begani, wanasema mzee sasa ni wetu. Nao nimewafukuza. Nimechoka na wote. Wanatia kinyaa kwa kipimo kilekile, rangi tu ndiyo tofauti. Wiki hii nimenyoa watu sita, nao walikuwa wanazungumzia mvua. Sijawahi kufurahia mvua namna hiyo.

Mama yake Sindano alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa kavu. Kijana ameanza kusimama kwa magongo, daktari hajui kama atacheza tena. Wanakwenda polisi, siyo kwenye kamati. Video peke yake haitoshi, mtu yeyote anaweza kusema aliteleza. Anataka kujua kama utasimama mbele ya afande na kurudia ulichoandika, na baadaye mbele ya hakimu, na wote hao wakikutazama.

Nilimwambia siwezi kukujibia. Usinijibu mimi. Mjibu yeye.

Baba yako

*

Chumba cha kupanga, 15 Mei

Baba,

Shikamoo. Poleni kwa mlango.

Jana nilikwenda kituo cha polisi saa tatu kamili, kama nilivyomwahidi mama yake Sindano. Kwenye runinga ya kaunta walikuwa wanamhoji nahodha, kavaa suti, anasema anamwombea Sindano kila siku. Askari wawili waliacha kazi kumsikiliza. Mmoja wao akaniambia, "Wewe ndiye yule Chenza?" Nikakaa kwenye benchi.

Sindano aliingia kwa magongo, mama yake nyuma yake amebeba bahasha ya picha za eksirei. Benchi ni moja tu. Akakaa mwisho kabisa wa upande wa pili. Hakunisalimu. Nilitaka kumpokea magongo, akayalaza mapajani mwake.

Tulikaa hivyo saa nzima. Nilisikia anavyopumua kila anapohamisha mguu.

Afande aliyeandika maelezo alipofika kwenye sehemu ya mashahidi, aliuliza bila kuinua kichwa, "Shahidi wenu yuko wapi?"

Sindano ndiye aliyeinua mkono, akanyoosha kidole kwangu. "Huyo," alisema. Halafu akageukia ukutani.

Nikasimama nikaanza kusema.

Mwanao