Shamba Kubwa Siku ya Pesa, Ndogo Siku ya Kodi

Maman Épiphanie wetu wa redio ya kila Jumamosi, nisaidie mbio mbio, maji imefika ku shingo. Mimi ni Kamali wa Gitambi, masomo niliacha Bukavu mwaka wa tatu wa sekondari, si juu ya kukosa akili, juu ya vita, na hapa kilimani hakuna kijana ananipita mayele, hata redio yangu ni kubwa kupita ya pasta, naifungulia sauti mpaka bantu ba ng'ambo ya bonde banakusikia bure, kwa hiyo hata wewe uko na deni yangu kidogo.

Shida ni hii. Agronome Gad, bwana shamba wetu, alipita kuandika mashamba, akasema Leta, serikali yenyewe, itapatia wenye mashamba pesa ya kuchimba mitaro ya kuzuia udongo usiende na mvua, shamba kubwa pesa kubwa. Sasa Maman, sisi tuliokomalia Kongo tunajua namna ya kuishi na Leta: mwenye kugawa unamwambia kubwa, mwenye kukamata unamwambia ndogo, juu kule hawa wawili hawajuani hata kwa sura. Basi nikapanda juu ya jiwe, nikanyoosha mkono kutoka ku migomba yangu mpaka ku mikaratusi ya chini, nikasema, "Papa Gad, yote ile unaona ni ya Kamali." Ndani ya mkono ule mulikuwa na shamba ya Maman Drocella, jirani yangu, mjane, wakati ule alikuwa bado ng'ambo ku makambi ya wakimbizi, na bantu balisema harudi tena, sasa mimi ningefanya nini, niache majani ipokee pesa?

Pesa ikatoka. Kwangu nikachimba mitaro, mizuri kabisa, njoo uone. Ya kipande cha Maman Drocella ikawa redio. Ku mkutano bakasoma majina na ukubwa wa mashamba, na Papa Valens, baba ya Iriza wangu, yeye mwenye kuniita maibobo, mtoto wa barabarani, mbele ya bantu, siku ile akasimama akaniletea kiti! Tukaanza hata kusema mambo ya ng'ombe ya mahari.

Kisha akakuja mtu wa kodi wa distrikti. Kwa huyo nikalia machozi ya kweli: "Mzee, niko na kashamba ka maharage tu, kuku ikipanua mabawa inakafunika." Akanihurumia, akaandika kadogo. Kumbe mtu wa kodi na Agronome Gad banapangisha nyumba moja Kamembe, na mangaribi banakula ku sahani moja! Baliongea juu yangu wakitafuna isombe. Sasa nimeitwa: Alhamisi nisimame mbele ya majirani bote, nionyeshe kwa kidole shamba yangu inaishia wapi.

Na Maman Drocella amerudi. Alinishika mikono miwili, akasema, "Kamali mutoto yangu, aksanti kwa kunilindia shamba." Juzi mvua ikasukuma maharage yake yote mpaka mu bonde. Akaniuliza, "Mbona mitaro inaishia ku mpaka wako?" Nikamwambia Leta iliishiwa na pesa.

Nikisema kubwa, nalipa kodi ya kuvunja mgongo, na Maman Drocella anabaki bila shamba. Nikisema ndogo, Leta inadai pesa yake, na Papa Valens anarudisha kiti. Nipatie jibu la tatu. Tena uniambie, pesa ya Leta nayo inaandikwa ku kodi? Juu yenyewe imekwisha kuliwa. Jina langu usitaje, sema tu "kijana mmoja mwenye akili".

Kamali

*

Kamali, mwanangu, nilijaribu kukuficha. Lakini kijana wa Gitambi mwenye redio kupita ya pasta, nitamfichia wapi?

Vita vilikutoa shuleni na ninakuonea huruma. Ila vita hivyo hivyo vilimtoa Maman Drocella shambani, na yeye aliporudi hakuletewa kiti, tena ni yeye aliyekupa wewe asante. Uliona maharage yake yakienda bondeni, ukaona shida ni kiti cha Papa Valens!

Sikiliza. Usingoje Alhamisi. Jumatatu asubuhi nenda kwa Gad, useme kwa mdomo wako kwamba mkono ulinyooshwa kupita migomba. Siku ya majirani, kidole kiishie kwenye migomba, hapo hapo, na kodi ulipe ya hapo. Kama kashamba ka kuku nako kalikuwa uongo, ukakuze mbele ya mtu wa kodi mpaka kawe saizi yake. Na pesa ya Leta, iandikwe kwenye kodi au isiandikwe, hilo watakujibu ofisini, mimi si mtu wa kodi. Ninachojua ni kwamba pesa iliyoliwa haifutiki kwa kuliwa. Ya kipande kisicho chako utawauliza unairudisha vipi, polepole ikibidi.

Iriza umwambie wewe, kabla hajasikia kwa baba yake. Papa Valens alileta kiti kwa shamba, hakukuletea wewe. Acha akirudishe. Kama Iriza atakubali kukaa nawe chini kwenye majani, hapo umepata mke.

Uliomba jibu la tatu. Jibu la tatu ni jembe. Mitaro ya Maman Drocella ichimbwe kabla ya mvua nyingine, na mikono yako, mizuri kama ile ya kwako. Redio ipeleke kwake, auze Kamembe anunue mbegu, au abaki nayo anisikilize.

Kwa leo umeniweka sauti mpaka ng'ambo ya bonde, kwa hiyo haya yote Maman Drocella ameshayasikia. Ukisikia mlango unagongwa, usimtume mtu. Fungua wewe.

Maman Épiphanie