Mapambo ya Mkwaju wa Kambini

Jumatatu, 4 Desemba 1905. Newala.

Silvano yu hai!

Leo Hamidu, mshona makubazi wa Masasi, kapanda mlima na mkewe Kurwa kutafuta ngozi za mbuzi. Kaja na habari. Kamwona mume wangu kwa macho yake – yuko kambini kwa Wadachi, mnyororo shingoni, anavunja mawe ya barabara. Kakonda, lakini anatembea mwenyewe.

Eti mwizi. Kanisa la Masasi lilipochomwa na wapiganaji wa maji, Silvano alishuka kuchakura majivuni. Yeye ndiye seremala wa misheni, angekaaje? Askari wakamkuta na vinara vya altare kwenye gunia. Nani wa kumtetea? Mapadre wote wamekimbilia pwani. Mwenye gunia siku zile alikuwa mtu wa maji, basi, hakuna swali la pili.

Mama mkwe kasikia yote. Hakulia. Kaenda kutwanga. Baadaye nikachungulia – kinu kitupu.

Jumanne, 5 Desemba

Hamidu kaniambia jambo la kuchekesha, nami sikucheka.

Yule bwana mkubwa wa kambi aliletewa sanduku kutoka kwao Ulaya. Mapambo ya Krismasi, vioo vitupu, vya kutundika mtini. Mpagazi kateleza kwenye mto Lukuledi. Kufungua – vyote vimekuwa unga! Bwana kashika kichwa kama aliyefiwa. Sasa anataka vitu vingine vya kutundika, kabla ya sikukuu. Kamwambia Hamidu, anayemshonea matandiko ya punda, amtengenezee nyota za ngozi. Na za mti je, kauliza. Hamidu kamjibu kwamba fundi wa mti anaye palepale kwenye mnyororo. Bwana kasema mfungwa hapewi kisu.

Nikasema, nitachonga mimi.

Hamidu kacheka. Kisha kaniangalia, kaacha.

"Mama Getrude, umewahi kuchonga?"

"Nimewahi kumalizia."

Ni kweli. Kila alichochonga Silvano mimi ndiye niliyekilainisha kwa majani ya msasa. Nayajua maumbo yale kwa viganja.

"Na malipo utataka nini?"

"Nitamtaka mtu."

Alhamisi, 7 Desemba

Mpingo haufai! Nimechonga samaki mdogo, nikamfunga kwenye tawi la mkwaju nyuma ya nyumba – mkwaju ndio mti aliouchagua yule bwana, kwa majani yake madogomadogo. Tawi likainama hadi chini. Lazima mti mwepesi. Na mti mwepesi ni ule wa vinyago vya jandoni, wanaume wanavyochonga kwa siri. Mwanamke hausogelei.

Habari haikai ndani. Jioni mjomba wake Silvano kaja. Nikapiga magoti, shikamoo mjomba. Marahaba. Kisha:

"Mti ule si wa wanawake, mwanangu."

"Basi nichongee wewe, mjomba. Ni kwa ajili ya mpwa wako."

"Niwachongee Wadachi? Waliochoma ghala langu la mtama? Wawe na sikukuu, mimi na wanangu tule mizizi?"

Hakukosea hata neno moja. Kaondoka bila kuaga.

Ijumaa, 8 Desemba

Nimechukua shoka nikaenda porini mwenyewe. Nimekata. Mbingu haikuanguka.

Jumamosi, 9 Desemba

Kidole cha shahada kimekatika. Si sana. Ndege wa kwanza kama kiazi. Wa pili kavunjika mkia. Getrude kauliza, mama, huyu ni chura? Nikamwambia ndiyo, chura. Tutamtundika hivyohivyo.

Wa tatu ni ndege.

Jumanne, 12 Desemba

Ugomvi wa maji. Hamidu kaloweka ngozi kwenye mtungi mkubwa pamoja na magome. Mama mkwe katoka bondeni, ndoo kichwani, jasho mpaka miguuni, kakuta mtungi umejaa ngozi.

"Mimi napanda mlima na maji shingo inakatika, ninyi mnaogesha mbuzi aliyekufa!"

Hamidu kaomba radhi sana. Kurwa kaomba radhi. Mimi nikasema, Mama, bila maji ngozi inakuwa kama ubao, haikunjiki.

Kakaa chini. Kisha kaivuta ngozi, kaanza kuiparua manyoya kwa kipande cha chungu, kwa hasira.

"Siwapendi," kasema. "Nikisikia viatu vyao nafunga mlango. Lakini mwanangu yuko kule."

Ameparua mpaka jua limeshuka.

Alhamisi, 14 Desemba

Leo kazi imekwenda! Nachonga, Kurwa anasugua kwa msasa, Hamidu anakata nyota na miezi ya ngozi, anazipaka mafuta ya ufuta zinang'aa kama zabibu. Tundu tunatoboa kwa msumari uliotiwa motoni – harufu ya nywele zilizoungua nyumba nzima. Nina kanga, njiwa, samaki, kengele, punda mmoja mwenye masikio marefu kupita kiasi. Ngozi nyembamba tumezisuka zikawa kamba za kutundikia.

Kengele hazilii, bila shaka. Hamidu kazitia mbegu kavu ndani na kuziba kwa ngozi. Sasa zinachakacha. Tumecheka kama watoto. Halafu nikakumbuka zinakokwenda.

Jumapili, 17 Desemba

Nimesali peke yangu, kanisani hakuna mtu. Nawapambia sikukuu watu waliochoma chakula cha mjomba. Nimelizungusha kichwani kutwa. Jibu langu ni hili: siwapi furaha, nawauzia. Na bei naijua.

Kesho tunaondoka. Getrude anabaki na bibi yake.

Alhamisi, 21 Desemba. Masasi.

Tumefika. Miguu imevimba. Njiani vijiji havina moshi.

Kanisa – kuta tu, na nyasi zimeota ndani baada ya mvua. Hapo nilibatizwa, hapo nikaolewa. Nimepita bila kusimama. Ningesimama ningekaa chini.

Nimemwona Silvano kwa mbali, kwenye mstari, nyundo mkononi. Hakugeuka. Nimelala kwa Kurwa.

Ijumaa, 22 Desemba

Mabaya!

Tumeingia kambini na kapu. Bwana mwenyewe kijana, pua imebabuka kwa jua. Mkwaju umesimikwa kwenye pipa la mchanga. Anazungumza kupitia karani wake Haji, mtu wa Lindi. Kafunua kapu, kashika njiwa, kamgeuzageuza. Uso ukafunguka kabisa – nikaona jinsi alivyokuwa mdogo. Kachukua kengele, kaitikisa, kacheka!

Kisha kauliza nani kachonga. Nikasema mimi.

Kicheko kikakatika. Haji katafsiri: Bwana anasema mwanamke hachongi hivi. Hii ni kazi ya yule mfungwa. Mshona viatu kampenyezea kisu kwa siri.

Hamidu kawa jivu usoni. "Wallahi, Bwana, wallahi!" Askari wawili tayari wamemshika mikono.

Ndugu zangu, kazi ikiwa mbaya inakataliwa, ikiwa nzuri inatufunga! Nikapaza sauti mbele ya wote: nipeni kipande cha mti na kisu, nichonge hapahapa.

Kesho asubuhi, kasema. Hamidu anabaki ndani mpaka hapo. Kurwa hali, hasemi nami neno.

Jumamosi, 23 Desemba

Nimechonga.

Wameniweka uwanjani, juani, askari mbele na nyuma. Nikajiambia, Theodora, huyu si Bwana, huyu ni nzi. Nikautazama mti tu. Mstari wa wafungwa ukapitishwa karibu, nikasikia minyororo ikisimama ghafla, na mtu akipigwa kwa kusimama. Nilijua ni nani. Sikuinua macho. Ningeinua, kisu kingeteleza.

Kanga. Mabawa, shingo, madoadoa kwa ncha ya kisu. Nikampa.

Bwana kamtazama muda mrefu. Kasema neno moja. Haji: "Mwachieni mshona viatu."

Kurwa kamkumbatia mumewe mbele ya askari wote, bila haya. Nami nikasema shauri langu. Sitaki kitambaa wala chumvi. Namtaka Silvano, seremala wa misheni, asiye mwizi. Bwana kasema kesho atatazama.

Jumapili, 24 Desemba

Naandika nikiwa nimekaa langoni mwa kambi. Kuna mwanga bado.

Asubuhi wamemfungua Silvano shingoni, eti ni mrefu, atundike vya juu. Tumepamba pamoja! Mimi namkabidhi, yeye anafunga. Hatukuruhusiwa kuzungumza. Shingo yake ina kidonda mzunguko mzima. Alipomshika njiwa kapitisha kidole gumba ubavuni, polepole, kaninong'oneza bila kufungua midomo:

"Bawa umekata kinyume cha nyuzi."

"Ndiyo."

"Getrude?"

"Mzima. Kaota meno mapya."

Kamtundika njiwa juu kabisa.

Mti ulipokamilika ulipendeza, siwezi kusema uongo. Upepo ukaja, kengele zikachakacha zote, hata askari wakainua macho. Bwana kavua kofia.

Kisha wakamrudisha mnyororoni.

Nikauliza, na shauri langu? Haji kajibu kwa niaba ya bwana: shauri la mfungwa ni la baada ya sikukuu, labda baada ya barabara kwisha. Ila Bwana amefurahi, anataka kapu jingine, kubwa zaidi, la kupeleka kwao kwa mama yake. Atanipa chumvi na kitambaa.

Nikasema la.

Haji kaniomba nilirudie, labda hakusikia vizuri. Nikarudia. Mwambie Bwana, mimi peke yangu sichongi tena. Kapu la mama yake litachongwa na watu wawili, na mmoja yuko kwenye mnyororo wake. Akimtoa, tutaanza kesho. Asipomtoa, mama yake hatapata hata chura.

"Dada, nisitafsiri hilo," kasema Haji, jasho linamtoka.

"Tafsiri."

Katafsiri. Sijui kama neno kwa neno. Bwana kawa mwekundu mpaka masikioni. Hakupiga kelele. Kaingia ndani, mlango ukafungwa.

Hamidu na Kurwa wamekuja kunivuta. Mama Getrude, twende, umeshasema vya kutosha, wasije wakakufunga na wewe. Nimewaambia watangulie. Nimekaa.

Sasa hivi askari kapita mbio kwenda upande wa karakana. Karudi na mfua chuma wa kambi, nyundo na patasi begani. Nimemuuliza, fundi, umeitiwa kufungua au kufunga? Kasema hajaambiwa, ameambiwa tu alete vyombo.

Wameingia. Sijaondoka. Nasikia wanamwita mtu kwa jina, lakini upepo unachukua nusu yake – nimesikia “Silva”.