Funga ya Watu Wawili

9 Januari

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na kazi inakwenda. Sisi huku wazima, isipokuwa Mama. Bado anakwenda hospitali kusafishwa damu, na siku akirudi hataki hata kusemeshwa. Anakusalimu. Baba yuko zamu ya usiku getini, mchana analala. Nakuandikia barua kwa kuwa simu ni yake, na haya nisingependa ayasome.

Mwaka huu ni wa mtihani wa mwisho na tunatakiwa sare mpya. Fundi alikuja shuleni akatupanga mstari mbele ya ubao. Anapima, anataja kwa sauti, msaidizi wake anaandika. Aliponifikia mimi alizungusha tepu akasema, "Jamani, huyu anazungukwa kama mji!" Kisha akataja kiuno changu kwa sauti ya mnadani. Darasa zima lilianguka kwa kicheko. Sasa naitwa Tangi. Hata mwalimu wa hesabu jana kasema, "Tangi, njoo ubaoni," halafu akajifanya amekohoa.

Nilitoka kwenye mstari. Naomba unishonee wewe. Vipimo nitajipima mwenyewe nikutumie, ila si sasa, nipe muda kidogo.

Jambo lingine, usimwambie mtu. Nimeanza kufunga, namwombea Mama.

Mwanao

---

20 Januari

Mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Mimi mzima, mgongo ni ule ule tumeshazoeana. Barua yako niliisomea kwenye cherehani, mguu ukasimama wenyewe.

Huyo fundi simjui, lakini amenikera. Mwili wa mtoto wa watu unautaja kwa sauti? Mimi nikipima nina pini kinywani, hata nikitaka kusema siwezi. Kipimo nakiweka kichwani, basi. Gauni lako nitalishona mimi, hata kama ni la mwisho kushona duniani. Na hao wanaokuita Tangi waambie tangi ndilo linalotunza maji ya mtaa mzima. Au usiwaambie kitu, wapite.

Sasa hilo la kufunga, mwanangu, nililia kwa furaha. Miaka yote katika ukoo huu mwombaji ni mimi peke yangu, wengine wananiachia kazi kama vile nimeajiriwa. Kumbe Mungu alikuwa ananiandalia mwenzangu! Tufunge pamoja mpaka mama yako ainuke. Mimi mtu mzima nitafunga siku nitakazoweza, wewe una nguvu, songa mbele. Ila usiache katikati. Maombi ya kuachwa njiani hayafiki popote.

Mpe mdogo wangu salamu. Mwambie namwona mbele ya macho yangu kila nikipiga magoti.

Mama yako Mkubwa

---

2 Machi

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Hujambo na kazi? Mama wiki hii ana nafuu. Alikunywa uji, akakaa kibarazani akatukana kuku wa jirani, tukajua yupo.

Nimefuata ulivyosema, sijaacha katikati. Sasa ni kila siku, na jioni nakula kidogo tu, nyingine sili. Shuleni Tangi limekwisha. Wasichana wananiuliza nimefanyaje, nawajibu namwomba Mungu. Mwalimu wa dini alinisimamisha mbele ya wenzangu akasema nyote muwe kama huyu.

Nataka nikuambie kitu wewe tu. Jumapili ya wiki jana nilikuwa napika, nikaonja mchuzi, nikasahau nikameza. Kisha njaa ikanishika nikala kijiko baada ya kijiko hapo hapo jikoni. Jioni ile Mama alizidiwa, pumzi ikawa haimtoshi, Baba akambeba mgongoni mpaka barabarani. Alirudi salama. Lakini nimeelewa. Nikila, yeye anapungukiwa. Sitarudia.

Vipimo hivi hapa kwenye kikaratasi. Na kile kitambaa cha ziada unachoachaga ndani ya mshono, tafadhali usikiache, kinanifanya nionekane mnene.

Masomo yanakwenda. Juzi kwenye jaribio herufi zilianza kucheza, nikalala juu ya karatasi. Ni uchovu tu.

Mwanao

---

9 Machi

Mwanangu, damu yangu,

Leo sitakuuliza hali, nimekwisha kuiona.

Nilitandika kitambaa mezani, nikachukua chaki, nikachora kwa vipimo vyako. Nilipomaliza nikarudi nyuma kuangalia. Nikajiambia umekosea kupima. Nikaenda kutoa gauni nililokushonea ulipokuwa msichana mdogo wa kucheza kamba, lile ulilonirudishia nilirekebishe liwafae ndugu zako. Nikalilaza juu. Mwanangu, yamelingana kiuno. Nimekushona tangu unabebwa, najua unakua kuelekea wapi. Hakuna mtu anayekua kurudi nyuma. Nilikaa chini na chaki mkononi, mteja akaingia akaniita, akatoka.

Hili nimelifanya mimi. Wewe ulikuwa unaumia kwa kuchekwa, nami nikaona ucha Mungu, kwa sababu ndicho nilichokuwa natamani kuona. Halafu nikakuambia usiache katikati. Lile neno sikulitoa katika kitabu chochote, nililitoa mdomoni mwangu, na lilikuwa neno baya.

Nikikuambia tu "kula," najua hutakula, utaona unamuua mama yako. Basi fanya hivi. Nipe mimi hiyo funga. Kuanzia siku unayoisoma barua hii, anayefunga kwa ajili ya mdogo wangu ni mimi, kila siku ya Mungu, hadi jua lizame. Wewe huna tena nadhiri, nimeibeba. Likitokea lolote, liwe juu yangu, si juu ya sahani yako. Jioni nitakula, usinihofie, na nyama ya mwilini ninayo ya kutosha kupungua kidogo.

Nenda kwa mama yako umwambie yote. Usimfiche kwa kuwa ni mgonjwa. Ni mgonjwa, hajaacha kuwa mama.

Gauni nalituma na kondakta wa basi la asubuhi. Nimelishona kwa mwili ninaoujua mimi, na kitambaa cha ziada kimo.

Mama yako Mkubwa

---

21 Machi

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini njaa haikutesi. Gauni limefika.

Nilimwambia Mama. Nilidhani atalia, kumbe akasema, "Nenda kachemshe yai." Nikachemsha. "Kaa hapa." Nikakaa ukingoni mwa kitanda. "Kula niangalie. Mimi wamenikatalia kila kitu, chumvi hapana, maji kwa kipimo, ndizi hapana. Kitu pekee hawajanikatalia ni kumwangalia mwanangu anakula, halafu na hicho unataka kuninyima?"

Nililishika yai muda mrefu. Akasema, "Unaliogopa la nini? Lenyewe halina meno." Akacheka mpaka akakohoa. Sikumbuki mara ya mwisho alicheka lini. Nililila lote. Tumbo liliuma, akanisugua mgongo kwa ule mkono wenye mishipa iliyovimba, akasema lile tumbo limesahau kazi, litakumbuka.

Sasa kila asubuhi ni hivyo, yai moja na yeye mbele yangu. Bado naogopa kila nikimeza. Namsikiliza pumzi.

Mama Mkubwa, kweli unafunga? Kila siku? Niambie ukweli.

Mwanao

---

28 Mei

Mwanangu mpendwa,

Salamu za upendo. Baba yako ameniambia yeye mwili uko salama, roho ndiyo hivyo tunavyojua. Barua niliyokuandikia baada ya kurudi kutoka msibani hukuijibu. Sikulaumu. Ila naandika tena, na nitaandika mpaka kalamu iishe wino, kisha nitanunua nyingine.

Siku ya kumlaza mdogo wangu kaburini nilikuangalia. Uligawa sahani kwa kila mtu, yako hukuichukua. Uliponikaribia uliinamisha uso. Baba yako anasema sahani zinarudi jikoni kama zilivyotoka, na vitabu umevifungia kabatini.

Najua unachofikiri. Asubuhi ile ulikula yai mbele yake, na mchana akaondoka. Umeunganisha hayo mawili, umeyashona mshono mmoja.

Uliniuliza swali, nami sikuwahi kukujibu. Sasa nakujibu mbele za Mungu ninayemwogopa. Nilifunga. Tangu siku niliyokuandikia hadi siku simu ya baba yako ilipolia, sikuonja hata chai mchana. Wateja walidhani nimeokota ugonjwa. Na siku ile yenyewe nilikuwa nimefunga. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano, midomo imekauka hata uzi siwezi kuulowesha, ndipo simu ikalia.

Basi kama mdogo wangu alikuwa wa kuzuiwa asiondoke kwa njaa ya mtu, angezuiwa kwa yangu. Nilifunga ipasavyo, kwa imani yote niliyo nayo, na bado aliondoka. Si kwa sababu ulikula. Figo zake zilichoka, mwanangu. Mungu hakukaa mezani kwenu kuhesabu matonge.

Sijamkasirikia Mungu. Nilimkasirikia kidogo, nikamwambia, tukayamaliza. Bado nasali, ila sasa naomba kama mtu anayemsemesha baba yake, si kama mtu aliye sokoni anayeomba apunguziwe bei.

Tena nikuambie hili. Siku chache kabla ya mwisho alinipigia simu. Alikuwa hoi, akaniambia, "Dada, mtoto wangu leo amekula akalamba na vidole." Alilisema kama mtu aliyepata zawadi. Usimnyang'anye furaha ile sasa kwa kuwa hayupo kujitetea.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata kama ni wa kunigombeza.

Mama yako Mkubwa

---

16 Juni

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na unakula mchana.

Barua yako nimeisoma mpaka mkunjo umechanika. Nilikukasirikia. Nilidhani ulinidanganya, kwamba hukufunga, ndiyo maana akaondoka. Nilitaka iwe hivyo, ingekuwa rahisi kuwa na mtu wa kumkasirikia kuliko kukasirikia yai.

Vitabu nimevitoa kabatini. Mwalimu wa hesabu alikuja nyumbani na maswali niliyokosa, akaniita kwa jina langu mara nyingi kuliko ilivyohitajika, mpaka Baba akauliza huyu mwalimu ana nini.

Leo asubuhi Baba alirudi zamu akanikuta jikoni. Nilichemsha mayai mawili. Tulikaa ukingoni mwa kitanda cha Mama, yeye upande huu, mimi upande ule. Langu lilinichukua muda. Niliogopa nikasikiliza, nikasikia Baba anatafuna tu.

Shule ikifungwa njoo, kama mgongo unaruhusu. Njoo na tepu. Nataka unipime wewe, na pini kinywani, usitaje.

Lile gauni nimelijaribu. Linanipwaya. Usilipunguze.

Mwanao